Mikanda Iliyobaki Mlimani

Nimestaafu. Buti nimerudisha, koti la mvua nimerudisha, na bunduki nimeikabidhi kwa mtunza stoo, ambaye aliigeuza na kuichungulia kana kwamba nimeila kipande. Ofisi iliniomba niandike maneno machache ya kuwatia moyo ninyi vijana mnaobaki. Nimekaa barazani kwangu hapa Nkoaranga, nimejaribu kutia moyo, nimeshindwa. Kila nikianza, hasira inatangulia. Basi nitaiacha itangulie, mimi niifuate nyuma kama tulivyozoea kufuatana njiani.

Hasira yenyewe ni hii. Wapo askari wawili wa mlima huu, Anaeli na Loishiye, waliokufa wakimwokoa mtu. Darasani mnafundishwa kwamba walikufa kwa kukosa nidhamu. Mimi nilikuwepo. Kwa hiyo nisomeni mpaka mwisho, halafu mkachague mwalimu wa kumwamini.

Niliishia darasa la tano. Baba alikufa kwanza, mama akamfuata kabla hatujamaliza kuvaa nguo za msiba wa baba, na mimi nikabaki mkubwa wa wadogo zangu watatu. Wajomba walikuja wakashauriana tugawanywe, huyu kwa huyu, yule kwa yule, kama kuku wa urithi. Nikakataa. Nilikuwa sijaota hata ndevu, lakini nilikataa, na tangu siku hiyo nikawa ndiye napika, ndiye nafua, ndiye naitwa shuleni mdogo wangu akimpiga mwenzake. Nilibeba mizigo ya wapanda mlima miaka kadhaa pamoja na wapagazi, wale tunaowaita wagumu, mpaka hifadhi ilipotafuta askari wanaoijua njia, nami nikachukuliwa.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kwa Anaeli. Alikuwa Mmeru wa hapahapa Nkoaranga, mrefu, mpole, mwimbaji wa sauti ya chini kwenye kwaya ya kanisa. Nilidhani atanifundisha kulenga shabaha. Alinipeleka msituni akaniambia nifumbe macho.

"Unanusa nini?"

"Majani."

"Nusa tena."

"Kama zizi la ng'ombe lililonyeshewa."

"Basi huyo ni nyati, na yuko karibu kuliko unavyopenda. Sasa fumbua macho turudi nyuma taratibu. Bunduki ni ya siku ambayo pua imeshindwa kazi."

Kwa wasomaji wasio askari nieleze: mlima Meru una nyati na tembo kwenye msitu wake wa chini, kwa hiyo kila kundi la wapandaji huongozana na askari mwenye bunduki. Hiyo ndiyo kazi tuliyoajiriwa. Hakuna aliyetuandikia kwamba tutaokoa watu huko juu kwenye miamba, mahali ambapo nyati hafiki hata akilipwa. Lakini mtu akianguka, aliye karibu ni askari. Utamwambia kwamba wewe ni wa nyati tu?

Anaeli alinifundisha pia pipi. Mnaijua, mnaitumia mpaka leo: kabla ya kuondoka kibanda cha juu kwenda kileleni, mpe kila mgeni pipi, mtazame anavyoifungua. Vidole vikishindwa kutoa karatasi, au akiitia mdomoni na karatasi yake, huyo baridi na kimo vimeshampata kichwani. Mrudishe chini hata akikutukana. Mkufunzi wenu anaiita "kipimo cha vidole". Ni pipi ya Anaeli. Nashangaa jinsi ofisi ilivyochukua akili yake bila kutaja jina lake, kisha ikachukua kifo chake na jina likatajwa kwa herufi kubwa.

Loishiye yeye alikuwa Mwarusha wa Moshono, mfupi, mwenye maneno. Hakuwahi kuniita kwa jina langu, Elisante. Aliniita Mama wa Watatu, kwa sababu ya wadogo zangu.

"Mama wa Watatu, leo umewapikia nini watoto?"

"Loshoro."

"Loshoro ya Kimeru, ndizi tupu, maziwa yamepita mbali yakapunga mkono!"

Anaeli humjibu bila kugeuka, "Maziwa yatoke wapi, na ninyi Waarusha mmeshawachukua ng'ombe wote?"

"Tuliwaokoa, mzee. Kwenu walikuwa wanalishwa majani ya migomba mpaka wanalia."

Walitaniana hivyo kupanda na kushuka. Mgeni asiyejua Kiswahili angedhani wanagombana. Lakini Loishiye alipougua, nani aliyembeba mgongoni kutoka kibanda cha juu mpaka cha kwanza? Na mahindi ya Anaeli yalipokaribia kuoza shambani, nani aliyekuja kutoka Moshono na kaka zake kuvuna? Hayo hayamo kwenye somo.

Sasa niwaambie habari za kamba. Kwa muda mrefu hatukuwa na kamba ya uokoaji. Tulikuwa na machela moja yenye gurudumu ambalo lilipenda kuchomoka, basi. Anaeli aliomba kamba kila kikao mpaka wenzake wakawa wanamcheka akinyoosha mkono. "Kamba, Anaeli?" mkuu wa kituo anauliza. "Kamba, mkuu." Mwishowe ikaletwa, ndefu, ya buluu, ya kupandia miamba. Anaeli aliikunja kwa mikono yake akaifunga kwa kitambaa safi. Alikataza isifunge mbuzi, isianike nguo, isivute gari lililokwama. "Kamba ya mtu ni ya mtu," alisema.

Akaomba jambo moja zaidi: kamba ikae kibanda cha juu, kwa sababu watu huanguka huko na siyo getini. Ofisi ikasema huko juu itaibiwa. Na nani? Na kunguru? Ikawekwa stoo ya getini, mlango ukafungwa, ufunguo ukawa mfukoni mwa mtunza stoo. Kutoka getini hadi kibanda cha juu ni safari ya siku mbili kwa mgeni, na hata askari mwenye haraka hufika amechoka jua likiwa limeshageuka. Hivyo kamba yetu ya uokoaji ilikaa salama kabisa, mbali na yeyote aliyeihitaji.

Siku yenyewe ilikuwa ya sherehe. Getini kulikuwa na ufunguzi wa jengo jipya la ofisi, mgeni rasmi alialikwa, viti vilikodiwa mjini. Sisi watatu tulikuwa juu. Loishiye alikuwa ameongoza kundi dogo kileleni: baba na mwanawe wa kiume, Singasinga wa Arusha mjini wenye gereji ya malori, pamoja na mwongozaji wao. Baba aliitwa Jasbir, kijana Harjit. Mimi na Anaeli tulibaki kibanda cha juu, maana kundi letu lilikuwa limerudi chini asubuhi hiyo na askari mwingine kwa sababu ya hali ya hewa. Usiku ilinyesha mvua ya mawe, na asubuhi miamba ilikuwa imevaa barafu nyembamba, ile ambayo macho hayaioni mpaka buti likuambie.

Loishiye akatuita kwenye redio. Kijana ameteleza wakati wa kushuka. Ameangukia kwenye kijukwaa cha mwamba, chini kidogo ya njia. Mguu umevunjika. Yuko hai, anaongea.

Tulipanda haraka. Tulimkuta Jasbir amepiga magoti ukingoni anaongea na mwanawe kwa lugha yao, sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Anaeli akamsimamisha akasema, "Hapana mzee, usimlaze. Mchokoze. Mgombeze. Asisinzie." Nikachungulia. Kijana alikuwa chini yetu, kidogo zaidi ya kimo cha mgomba mrefu, na chini yake hakukuwa na kitu tena, ni ukungu tu. Mvua ilikuwa imeanza upya, ile ya baridi, na nguo zake zilishalowa. Yeyote aliyefanya kazi hii anajua mtu wa namna hiyo hana muda wa kusubiri.

Anaeli akashika redio. Maneno yafuatayo niliyasikia kwa masikio yangu, na mwongozaji aliyasikia, na Jasbir aliyasikia.

"Geti, geti, hapa juu. Tuna mtu ameanguka, yuko hai. Tunaomba kamba na machela. Gari ivilete mpaka kibanda cha kwanza, vijana wavipandishe mbio. Ova."

Akajibu mtunza stoo. "Afande, kamba iko kazini."

"Kazi gani?"

"Imeshika turubai la sherehe. Upepo ulikuwa mkali."

"Ifungueni."

"Mgeni rasmi yuko chini yake, afande."

"Nasema ifungueni!"

Halafu ikaja sauti ya mkuu wa kituo mwenyewe, ya kunong'ona, na nyuma yake nasikia mtu anahutubia. "Anaeli, subirini hotuba iishe. Na mwache kupiga redio hovyo, mnaingilia vipaza sauti."

Anaeli aliitazama redio kama unavyomtazama mbwa wako mwenyewe aliyekuuma. Loishiye akasema, "Sasa tumwambieje mtoto wa watu? Angoje makofi?"

Hata wangeifungua dakika ile ile, isingetufikia kwa wakati. Najua hilo. Ndiyo sababu mtu mmoja alikuwa ameomba kila kikao ikae juu.

Anaeli akavua bunduki yake begani. Akafungua mkanda wake, ule mkanda wa turubai wa kuning'inizia. Akasema, "Leteni na yenu." Mikanda mitatu ikaunganishwa. Haikutosha. Ndipo Jasbir, bila kuambiwa na mtu, akainua mikono kichwani akaanza kufungua kilemba chake. Alikifungua mzunguko kwa mzunguko kwenye mvua ile, nywele zake ndefu nyeupe zikaanguka mabegani, na akakitoa chote kwa Anaeli. Mjini sijawahi kumwona mtu huyo kichwa wazi, kabla wala baada. Kitambaa kilikuwa kirefu na imara. Tukakikunja na kukifunga kwenye mikanda.

Mnafahamu amri: bunduki haiachwi chini bila mtu. Anaeli alinikabidhi zote tatu.

"Wewe kaa juu. Shika hizi, ziweke nyuma yako, na uvute nikisema vuta."

"Mzee, mimi ndiye mwepesi. Acha niteremke."

"Nyumbani una watatu."

"Na wewe una watano!"

"Wanangu wana mama," akasema. "Wako wana wewe. Kaa juu."

Loishiye alikuwa ameshaanza kuteremka, nasi tumeshika kitambaa. Alipotea nusu, kichwa kikabaki ukingoni, akanikonyeza. "Mama wa Watatu, nikirudi nataka loshoro yenye maziwa."

Alifika. Akamfunga kijana kifuani. Tukavuta mimi, mwongozaji na Jasbir, lakini kijana alikuwa mzito, mguu haumsaidii, akakwama chini ya ubavu wa mwamba uliotokeza. Ndipo Anaeli akashuka kwa mikono na miguu, akasimama kwenye kipande cha mwamba, akamsukuma kwa bega kutoka chini. "Vuta!" Tukavuta. Kijana akaja. Baba yake alimkamata kwapani akamburura njiani, akamlalia kwa mwili wote ili ampe joto.

Tukarudisha kamba yetu ile ya kuungaunga. Loishiye akajifunga, akapanda mpaka alipo Anaeli. Nilimsikia akisema, "Mzee, wewe ni mzito kuliko Singasinga," na Anaeli akacheka. Naapa alicheka. Mwamba wa Meru ni moto wa zamani uliopoa vibaya. Unaonekana jiwe, kumbe ni tofali bichi. Kipande walichosimama kikang'oka. Wote wawili walikuwa wameishika kamba. Nilihisi uzito ukija mikononi, tukaung'ang'ania, miguu yangu ikaburuzwa kwenye barafu. Halafu uzito ukaisha.

Tulipovuta, kilemba kilikuja chote. Hakikuchanika popote. Kilichokatika ni mkanda, kwenye mshono. Mkanda wa bunduki umeshonwa kubeba bunduki. Haukushonwa kubeba Anaeli na Loishiye.

Kushuka sitaeleza sana. Wagumu waling'oa mlango wa kibanda cha juu wakambebea kijana. Mimi nilibeba bunduki tatu zisizo na mikanda, kama mtu anayebeba kuni. Tulipofika getini jioni, turubai lilikuwa bado limesimama, kamba ya buluu imekazwa kwenye vigingi, watu wanamalizia pilau. Mkuu wa kituo alinijia mbio. Nikafungua mdomo nimwambie.

"Bunduki zote zipo?" akauliza.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Nikamwonyesha. Akashusha pumzi. Mtunza stoo akazipokea moja moja, akazigeuza, akaniuliza, "Mikanda iko wapi?"

Nikamwambia, "Nenda ukawaulize wenyewe."

Kesho yake kamba ilipatikana upesi sana. Tuliipandisha miili yao kutoka bondeni kwa kamba hiyo, na hivyo ndivyo kamba ya Anaeli ilivyopanda mlima kwa mara yake ya kwanza. Mikanda ilikuwa imewazunguka mikononi, yote miwili, na kipande cha tatu. Niliifungua mwenyewe, nikakataa isirudishwe stoo. Nilimkata jicho kila aliyesogea. Nikaiacha palepale chini ya jiwe, iko huko hadi leo, na kama kuna mtu anaidai, njia anaijua.

Tulimzika Anaeli hapa Nkoaranga kati ya migomba yake, na Loishiye kwao Moshono. Ofisi ilituma dereva na shada la maua. Sasa, sisi watu wa mlima tuna jani liitwalo isale, jani refu la kijani tunalolipanda mipakani na makaburini. Aliyemkosea mwenzake huja amelishika mkononi, na hata kosa liwe kubwa vipi, aliyelipelekewa hawezi kumfukuza mwenye kulishika. Mjane wa Anaeli, Mama Eliakimu, alikaa mlangoni siku zote za msiba akimtazama kila aliyeingia. Hakuangalia nyuso. Aliangalia mikono.

"Elisante," aliniuliza, "wa ofisini hajaja?"

"Ametuma shada, mama."

"Shada naliona. Nauliza isale."

Wa ofisini hakuja. Aliyekuja ni Jasbir. Aliacha gari barabarani akapanda kwa miguu kile kinjia chetu kinachowashinda hata wenyeji, amevaa kilemba kipya, ameshika isale mkononi. Sijui ni nani aliyemwelekeza. Huenda ni mafundi wake wa gereji, wengi ni wa huku. Alifika mbele ya yule mama akainama, hajui amkabidhi vipi.

"Mama, mimi ndiye baba wa yule kijana."

Mama Eliakimu akaitazama mikono yake. "Wewe hukumkosea mtu," akasema. "Lakini nalipokea, kwa sababu ndiwe uliyekuja."

Jasbir alikwenda pia ofisini kutoa ushahidi wa kamba na redio. Akaambiwa uchunguzi umekwisha. Akauliza umekwisha vipi na yeye hajaulizwa. Akapewa chai.

Mimi nilisimamishwa mbele ya gwaride nikapongezwa. Sikilizeni vizuri: nilipongezwa kwa kuokoa silaha za serikali katika mazingira magumu. Wenzangu wakapiga makofi, wengine wakitazama chini. Nilimwambia mkuu wa kituo, mbele ya wote, "Mkuu, mimi sikuleta bunduki. Tulileta mtu, na wawili wakabaki."

Akanishika bega, kwa upole kabisa, na upole huo ndio unaoniuma kuliko kama angenipiga kofi. "Elisante, bunduki ina namba. Mtu tutaeleza tu alivyokufa."

Na wakaeleza. Maelezo yakawa kwamba askari wawili walitumia mikanda ya silaha kwa kazi isiyo yake, kinyume cha amri, na wakapoteza maisha. Ni kweli kila neno. Hivyo ndivyo uongo mzuri unavyotengenezwa: unachukua maneno ya kweli, halafu unalitoa moja. Walilitoa neno kamba.

Mtaniuliza kwa nini sikuacha kazi. Nilikuwa na wadogo zangu watatu shuleni, na hilo lingetosha. Lakini walipomaliza na kuondoka nyumbani kila mmoja na njia yake, bado nilibaki. Nilibaki kwa sababu nilikuwa ndiye mtu pekee katika kituo hicho aliyekuwa juu siku ile. Mwongozaji alihama mkoa, wakuu walibadilishwa mmoja baada ya mwingine, kila mpya akikuta hadithi imeshapikwa na kupakuliwa. Ningeondoka mimi, angebaki nani wa kuikatalia? Nilizoea kukataa tangu siku ya wajomba. Kila askari niliyepanda naye nilimsimamisha pale njiani, nikamwonyesha kijukwaa, nikamwambia majina. Wengine walisikiliza. Wengine walitazama simu zao, ingawa pale hakuna mtandao.

Kabla tu ya kustaafu, nilipita nyuma ya darasa la makuruta nikasikia somo lenyewe kwa mara ya kwanza. Mkufunzi, kijana mzuri tu, mwenye sauti safi, alikuwa amefika kwenye kitu anachokiita "Kosa la Mikanda". Akataja Anaeli. Akataja Loishiye. Akasema, "Hawa walikufa kwa sababu walidharau utaratibu. Mlimani, huruma bila nidhamu inaua." Makuruta wakaandika.

Nikaganda mlangoni. Ndipo msichana mmoja, Upendo, wa Moshono, akanyoosha mkono.

"Afande, samahani. Kamba ilikuwa wapi?"

"Kamba gani?"

"Si umesema walitumia mikanda? Mtu hawezi kutumia mkanda kama kamba ipo. Ndiyo nauliza, ilikuwa wapi?"

Mkufunzi akafunua karatasi zake mbele, akazifunua nyuma. "Hiyo haimo kwenye somo."

Miaka yote hiyo. Wakuu wote hao, uchunguzi huo, magwaride hayo. Hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo mpaka kuruta ambaye alikuwa hajavaa hata buti zake zikalainika.

"Ilikuwa imefunga turubai," nikasema kutoka nyuma.

Darasa likaangua kicheko. Walidhani mzee anatania. Nikasubiri. Nilisimama pale nikasubiri mpaka wa mwisho aliyecheka akaona haya, halafu nikawasimulia kama nilivyowasimulia ninyi. Upendo aliacha kuandika. Mkufunzi naye aliacha kusimama, akaketi.

Nilikwenda ofisini nikaomba mawili: somo lirekebishwe, na kamba ikae kibanda cha juu. Nikaambiwa yatafanyiwa kazi. Mnajua maana ya maneno hayo. Ni kaburi ambalo halina msalaba.

Ikaja siku yangu ya kuagwa. Waliniandalia vizuri, sikatai. Mbuzi, keki, kwaya kutoka Engutoto, mdogo wangu wa mwisho kaja na wanawe. Niliwekwa meza kuu pembeni ya mkuu wa kituo wa sasa, kijana mwenye heshima, aliyenipa shikamoo mbele ya watu wote. Mshereheshaji akaanza kunisifu kwa maneno ambayo ningeyapenda kama yangemhusu mtu mwingine. Upepo ukavuma, turubai likapiga kofi juu ya vichwa vyetu, nami kwa mazoea ya kazi nikageuka kutazama limefungwa na nini.

Lilifungwa na kamba ya uokoaji. Siyo ile ya buluu, hiyo ilishakufa. Hii ilikuwa mpya, ya rangi ya chungwa, na mafundo yake yalikuwa ya hovyo.

Niliinuka. Mshereheshaji akafikiri nimefurahi sana nataka kucheza, akawaashiria wapiga ngoma. Nikazunguka meza nikafika kwenye kigingi cha kwanza, nikapiga goti, goti likalalamika, nikaanza kufungua.

"Mzee," mkuu wa kituo akanifuata, ananong'ona. "Mzee Elisante, vipi? Turubai litaanguka."

"Litaanguka," nikamwambia. "Ni turubai."

Nikaenda kigingi cha pili. Na cha tatu. Hakuna aliyenizuia, nadhani hawakujua utamzuiaje mtu kwenye sherehe yake mwenyewe. Turubai likainama taratibu upande mmoja, likailalia keki. Mvua haikuwepo. Jua zuri la Meru likawawakia wote kichwani, na hakuna aliyekufa.

Niliikunja kamba kama Anaeli alivyonionyesha, mizunguko sawasawa, nikaifunga kwa tai yangu ya zawadi. Getini Upendo, sasa askari kamili, alikuwa amevaa tayari, bunduki begani, anangoja wageni wake wa kupanda nao. Nikampa.

"Inakwenda kibanda cha juu. Ikae huko. Ukiulizwa nani ameagiza, sema Anaeli."

Akaitia begani, juu ya mkanda wa bunduki, akaipimapima uzito.

"Na Loishiye," akasema, akawaita wageni wake wakaanza kupanda.